Kenge Katika Msafara

Watu wanaoendesha pikipiki kwa makundi wana sheria moja ambayo ningependa ibandikwe ukutani katika kila nyumba na kila ofisi: mwangalie aliye nyuma yako. Ni hiyo tu. Kila baada ya muda mfupi unatupa jicho kwenye kioo cha pembeni. Ukiona taa yake, unaendelea. Usipoiona, unapunguza mwendo. Ukipunguza, aliye mbele yako atakukosa kwenye kioo chake, naye atapunguza. Habari inapanda hivyo, kioo kwa kioo, mpaka imfikie kapteni aliye mbele kabisa, na msafara wote unasimama kwa ajili ya mtu ambaye kapteni hamwoni na pengine hata jina lake halijui. Hakuna simu iliyopigwa. Hakuna aliyepiga kelele.

Niliposikia sheria hii nilihisi kama nimepewa bure kitu nilichokitafuta chuoni kwa mihula mitatu ya karo. Kule darasani tulikuwa tukilizunguka swali moja: mzigo wangu unaishia wapi? Mimi ni mmoja, wenye shida hawahesabiki, na nikianza kumjali kila mtu nitakuwa nimeanguka kabla ya saa nne asubuhi. Sheria ya kioo haijibu kwa hotuba. Inakwambia mzigo wako ni mtu mmoja, huyo wa nyuma. Kila mmoja akimbeba mmoja, hakuna anayeachwa.

Lakini kuna mambo mawili ambayo sheria hiyo haiyasemi. Haisemi nani ana haki ya kuwa nyuma yako. Na haisemi alifikaje huko nyuma. Nimekuwa nikiyatafuna haya mawili tangu Februari, tangu Jumapili moja tulipokwenda Magadi.

Mimi sina nduthi. Nilichukuliwa kwa sababu kundi lilitaka mtu wa kuwaandikia maneno ya kuweka chini ya picha zao, malipo yakiwa chakula cha mchana na kiti cha nyuma. Nduthi zilikuwa tisa. Nilibebwa na mfagiaji, yaani yule anayekaa mwisho kabisa kuokota walioachwa, dada mmoja mwenye Himalayan iliyochubuka kila upande. Kwa hiyo safari nzima niliiona kutoka mkiani, na nimekuja kuamini kwamba mkiani ndipo mahali pazuri pa kutazamia kundi lolote.

Kama hujawahi kwenda, Magadi ni kama kilomita 110 kutoka katikati ya Nairobi. Unapita Rongai, unapita Kiserian, unapanda bega la milima ya Ngong mpaka Corner Baridi, mahali ambapo jina halidanganyi, kisha dunia inafunguka chini yako na barabara inaanza kuteremka ndani ya Bonde la Ufa. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari. Ziwa Magadi liko kama mita 600. Unashuka zaidi ya kilomita nzima, na kadiri unavyoshuka ndivyo hewa inavyozidi kuwa ya moto. Kule chini ndiko yanakochimbwa magadi, haya haya ambayo mama hutia kwenye githeri ili iive haraka. Na Februari ni kiangazi. Miti imekonda, mbuzi wamekonda, hata lami inaonekana kama inayumba.

Joto la kwenye pikipiki lina ujanja wake, na bila kuuelewa huwezi kuelewa ugomvi uliotokea. Ngozi ya binadamu hukaa karibu na nyuzi 35. Hewa ikiwa chini ya hapo, upepo ni rafiki yako: unakuondolea joto. Hewa ikipita hapo, upepo huo huo unakuletea joto, kama mtu aliyefungua mlango wa tanuri la mikate mbele ya uso wako na kukataa kuufunga. Kuanzia hapo unategemea jasho peke yake. Jasho nalo, ukiwa kilomita 90 kwa saa, linakauka kabla hujalihisi. Unadhani hutoki jasho. Unaishiwa maji huku umekauka vizuri kabisa. Ndiyo maana wazoefu huvaa jaketi hata kwenye jua kali, wakafungua zipu kidogo, ili jasho litoke polepole. Anayeenda na fulana tu anaona raha kwa nusu saa, halafu kichwa kinaanza kugonga. Na joto likizidi sana, kinachovurugika ni akili yenyewe. Mgonjwa ndiye wa mwisho kujua kwamba anaumwa. Ukimuuliza atakwambia niko sawa.

Sasa, katika zile nduthi tisa, moja ilikuwa Boxer. Na mwenye Boxer, ambaye nitamwita hivyo hivyo kwa sababu ndivyo kila mtu alivyomwita, ni mtu wa boda. Steji yake iko karibu na mahali ambapo wenzake wa siku hiyo hunywa kahawa yao ya Jumamosi. Amewabeba wengi wao mvua ikinyesha, amewapelekea vifurushi, anajua mageti yao. Siku moja mmoja wao alimwambia, kwa moyo mweupe nadhani, "Na wewe si ukuje siku moja?" Akaja. Aliiosha nduthi mpaka spoki zikang'aa, akatoa ule mwavuli na kile kiti kirefu cha abiria, akajaza tangi, akaacha mapato ya Jumapili, ambayo si kidogo kwa mtu anayelipia nduthi kwa mkopo wa kila siku. Alivaa helmeti, fulana nyeupe, na juu yake ile reflekta ya kazini.

Tulipoondoka kituo cha mafuta, mtu mmoja akatupa mzaha: kwenye msafara wa mamba, kenge pia wamo. Watu walicheka. Boxer alicheka kuliko wote.

Methali hiyo huwa inanikera. Angalia inasemwa na nani. Sijawahi kusikia kenge akiisema. Anayeisema siku zote amejihesabu kuwa mamba, na hakuna aliyemfanyia mtihani. (Halafu, kwa taarifa, kenge hula mayai ya mamba. Mamba hawapendi kulizungumzia hilo.)

Boxer aliwekwa nyuma, wa nane, mbele yetu tu. Ilionekana kama jambo la kawaida. Injini ndogo, mwendo mdogo, kaa nyuma. Kuanzia Kiserian nilimtazama akipigana. Kwenye mteremko anawafikia, kwenye kona wanapotea, anainama juu ya tangi kama mtoto anayesoma kwa kibatari, anakamua gia, anawafikia tena, wanapotea tena. Kila baada ya muda sheria ya kioo ilifanya kazi yake: msafara ulipunguza mwendo, ukamngoja, ukakimbia tena. Tulipofika Olorgesailie, kama kilomita 45 kabla ya Magadi, watu walikuwa wamechoka kungoja na yeye alikuwa amechoka kufukuza.

Olorgesailie ni pale ambapo Mary na Louis Leakey walichimba mashoka ya mawe katika miaka ya 1940, mamia yamelala pamoja chini kama vyombo vilivyosahauliwa baada ya sherehe. Wenzetu hawakwenda kuyaona. Walikaa kwenye kivuli, na kapteni akamwita Boxer pembeni, ingawa si mbali vya kutosha.

"Bro," akamwambia, "hii jua ya kule chini si mchezo. Huna jaketi, na hiyo mashine inafanya kazi sana. Heri uishie hapa, upumzike, jioni ishuke kidogo ndio urudi. Ni kwa usalama wako."

Nataka kuwa mwadilifu kwa kapteni. Kila neno alilosema lilikuwa kweli. Yeye mwenyewe alishawahi kumwona mwenzake akianguka kwa joto njiani karibu na Marigat, na alipolisimulia hakuwa akijigamba. Na kwa mujibu wa yale niliyosema juu ya joto, hata jibu la "niko sawa" lisingekuwa ushahidi wa chochote.

Boxer hakusema yuko sawa. Alisema: "Mkubwa, mimi hukaa kwa jua kutoka saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku. Jua ya leo ndio mmeiona?" Kisha akamwelekezea kidevu mmoja wao, bila hasira: "Huyu wiki iliyopita alikuwa amechelewa, akaniambia nipande kando ya barabara kwa wenye kutembea. Sikusikia mtu akisema usalama."

Kimya kikapita. Nzi wa Olorgesailie ndio walioendelea na mazungumzo.

Hapa ndipo swali langu liliposimama. Mtu akikupa ushauri wa kweli, lakini unamfaa yeye kuliko unavyokufaa wewe, amekufanyia nini? Immanuel Kant, yule Mjerumani aliyeishi karibu maisha yake yote katika mji mmoja, alilishughulikia jambo la namna hii katika kitabu cha mwaka 1785. Alimchukua mwenye duka asiyempunja mtoto anayetumwa dukani. Anarudisha chenji kamili. Lakini anafanya hivyo kwa sababu akijulikana ni mwizi wateja watahama. Kant anasema kitendo ni sahihi, ila hakina thamani ya kimaadili, kwa sababu hakikutoka kwenye wajibu. Kimetoka kwenye hesabu.

Nilipolisoma hilo chuoni nilibishana nalo. Mimi nimekua nikitumwa dukani. Ukifika nyumbani na chenji kamili, mama hakuulizi moyo wa mwenye duka ulikuwaje. Chenji ni chenji. Vivyo hivyo mtu anaweza kusema: jua ni jua, na onyo la kweli ni onyo la kweli, liwe limetoka kwa malaika au kwa mtu mwenye haraka ya kufika Magadi.

Siku hizi nafikiri Kant na mimi wote tulikuwa tukitafuta nia mahali pasipo pake, kama vile imefichwa kifuani na hakuna awezaye kuiona. Nia inaonekana. Inaonekana katika idadi ya njia ulizojaribu kabla ya kufika kwenye ile inayokufaa wewe. Anayekujali kweli akiona hatari, anazunguka: tufanye hivi, ikishindikana tufanye vile. Anayetaka uondoke anasimama kwenye jibu la kwanza linalokuondoa, kisha analiita usalama. Wote wawili wanaweza kutamka sentensi moja, neno kwa neno. Tofauti iko kwenye yale waliyoyaruka.

Na yaliyorukwa pale Olorgesailie yalikuwa mengi, na mepesi. Mfagiaji, ambaye hakuwa amezungumza tangu asubuhi isipokuwa kuniambia nisiyumbe kwenye kona, aliyataja akiwa anafunga tena kamba za buti. Kuna mtu ana jaketi la mvua kwenye mkoba, jepesi. Kuna maji, fulana ikiloweshwa na jaketi likavaliwa juu yake, inachukua muda kukauka. Kisha akasema kitu ambacho mimi sikukijua na kila mtu mwingine pale alikijua: "Na kwa nini alikaa nyuma? Mtu wa injini ndogo anakaa namba mbili. Nyuma tu ya kapteni."

Hebu nieleze hili maana ndilo lililonibadilisha mawazo. Msafara ni kama mpira wa kiunoni, unavutika na kurudi. Wa mbele akipita lori kwa kilomita 80, wa pili anachelewa sekunde chache, anaongeza kidogo kumfikia. Wa tatu anachelewa zaidi, anaongeza zaidi. Ukifika kwa wa nane, anatakiwa kukimbia mia na zaidi ili tu abaki katika kundi ambalo mbele linaenda themanini. Watu wa mkiani ndio wanaokimbia kuliko wote. Ukimweka mwenye injini ndogo mkiani, umempa kazi ngumu kuliko ya kapteni mwenye injini mara tano ya yake, halafu unamtazama akihema na kusema, unaona, hawezi. Ndiyo maana desturi ya waendeshaji wazoefu ni kumweka wa pili, ambapo hakuna mvutiko, na kapteni anaona taa yake muda wote.

Yaani ule udhaifu tuliokuwa tukiujadili kama mali ya Boxer, sehemu yake kubwa tulikuwa tumeutengeneza sisi kwa kumpangia nafasi. Si wote. Injini yake ni ndogo kweli, hakuna falsafa itakayoipanua. Lakini nyuma ni mahali, na mtu huwekwa mahali.

Nikiwa mwaka wa pili chuoni, mtu mwenye ofisi yenye feni aliniambia kwa upole kwamba niahirishe masomo, nipumzike, nijipange, kwa manufaa yangu. Karo ilikuwa imekwama, nilikuwa nimechoka, nilikuwa nikisinzia darasani kwa sababu usiku nilikuwa nikiandika kazi za watu kwa malipo. Alisema kweli tupu. Nakumbuka zaidi kwamba mazungumzo yalichukua dakika nne na fomu ilikuwa tayari juu ya meza. Simlaumu kwa ushauri. Ila fomu ile haikujileta mezani yenyewe.

Kuna pingamizi, na si la kipuuzi. Mmoja wa wenye KTM alilisema kwa uwazi ambao niliupenda: yeye hufanya kazi siku sita, amekaa kwenye foleni za Nairobi miaka yote, na Jumapili moja kwa mwezi anataka barabara tupu na gia ya sita. Kwenda kasi ni furaha yake. Kwa nini furaha yake ipimwe kwa mashine ya mtu mwingine? Hadaiwi na yeyote. Nakubali, na nakubali kabisa. Hakuna mtu duniani mwenye haki ya kudai aingizwe kwenye safari ya starehe ya watu. Wangekuwa hawakumwita, ningekuwa sina makala.

Lakini walimwita. Na hesabu yenyewe ifanywe basi: kilomita 45 kwa mwendo wa 100 ni dakika 27. Kwa mwendo wa 70 ni kama dakika 39. Tofauti ni dakika 12. Ndiyo bei iliyokuwa mezani pale chini ya mti. Na kitu kingine, ambacho kwangu ndicho kilichofichua yote: pendekezo lilikuwa arudi peke yake. Kama kweli unaogopa kwamba mtu atazimia juani, na unajua kwamba anayezimia huwa hajui, humpeleki barabarani bila mtu wa kumtazama kwenye kioo. Kweli, kurudi ni kupanda kwenda kwenye baridi, na kapteni alilitaja hilo. Lakini hakuna hata mmoja aliyesema, nitarudi naye.

Mwishowe kundi liligawanyika, bila maneno makali. Watatu walitangulia kwa kasi yao, yule wa KTM akiwemo, na wakatuaga kwa honi. Sita walibaki. Boxer alilowesha fulana, akavaa jaketi la mtu lililomfika karibu na magoti, reflekta juu, akakaa namba mbili. Kapteni, na hili namhesabia, ndiye aliyebaki kuongoza, na alishika 70 bila kulalamika hata mara moja.

Tulifika Magadi. Simu ya mmoja wetu ilionyesha nyuzi 38. Boxer hakuzimia, na hiyo haithibitishi kwamba kapteni alikosea. Angezimia pia isingethibitisha kwamba alipatia. Watu hupenda kungoja matokeo ndipo wajue nani alikuwa na maadili, kama vile jua ni hakimu. Uamuzi ulifanyika chini ya mti, kabla hakuna aliyejua lolote, na ni hapo unapopaswa kupimwa.

Ila njiani kilitokea kitu nisichokitarajia. Kati ya Olorgesailie na Magadi hakuna mengi. Vichaka, mawe, mara moja moja boma mbali na barabara. Mahali fulani walikuwa wamesimama watoto watatu, mkubwa labda miaka kumi, wakiinua chupa tupu za plastiki juu na chini, juu na chini. Wanaomba maji. Anayepita 70 anaziona chupa, anaona mikono, anaelewa. Boxer aliinua mkono, akasimama pembeni. Kwa kuwa alikuwa namba mbili, wote wa nyuma tulisimama, maana ndivyo mnyororo unavyofanya kazi. Kapteni alimkosa kwenye kioo, akageuka. Watu walitoa mifuko ya maji waliyobeba mgongoni wakajaza zile chupa. Ilichukua muda mfupi tu.

Nilipowauliza wale watatu waliotangulia kama waliwaona watoto, walisema hapana, na sina sababu ya kuwashuku. Ukipita 120, pembeni mwa barabara huwa rangi tu. Tangu hapo nimekuwa nikiwaza kwamba mwendo unaamua jirani zako ni nani. Tunapenda kusema kwamba kwanza kuna wajibu, kisha tunachagua kuutimiza au kuukwepa. Mtu anayekwenda kasi ya kutosha hana haja ya kukwepa chochote. Hajaona. Anaweza kufika mwisho wa maisha yake bila kumnyima mtu hata mmoja maji, na akaapa, na kiapo chake kikawa cha kweli.

Sisemi chupa ya maji ni jibu la kiu ya Kajiado. Hata nina mashaka kama kusimamisha nduthi karibu na watoto hakuwazoezi kusogea karibu zaidi na lami. Mfagiaji alisema hivyo hivyo tulipokuwa tukiondoka, na Boxer akajibu kwamba anaelewa, lakini walikuwa wamemwona akiwaona. Sijapata jibu la hoja hiyo.

Kurudi kulikuwa shwari. Jua lilikuwa limelegea, na Corner Baridi ilitupokea kwa ubaridi wake, watu wakafunga zipu.

Siku nne baadaye, kwenye grupu, tangazo: kuanzia safari ijayo, pikipiki ziwe za kuanzia 250cc, kwa usalama wa kila mtu. Dole gumba kumi na moja. Mfagiaji aliandika: "Andikeni tu kwamba mnataka kwenda mbio. Hakuna ubaya. Ila msiseme ni usalama." Mmoja akajibu kwamba watu wamekuwa wepesi wa kukasirika. Mwingine akatuma picha ya sinia la nyama, na mazungumzo yakahamia huko.

Boxer alisoma saa tatu usiku, baada ya kazi. Aliandika: "Sawa wakubwa. Mkienda tena bebeni maji ya ziada, wale watoto hukaa upande wa kushoto."